Kilio cha Feza

Juzi jirani yangu aliacha sufuria ya bukari, ugali wetu, motoni, akaenda kupiga soga barabarani, na harufu ya ukoko unaoungua ikaingia mpaka chumbani kwangu. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu ile. Wengine ingewakumbusha njaa, wengine ingewakumbusha mama zao. Mimi ilinikumbusha Feza, na papo hapo nikashikwa na wivu. Wivu mbichi kabisa! Ningemkuta yule mtoto mlangoni siku ile, ningemtandika kofi. Bibi mzima, meno nusu yameshaondoka, nimekaa kitandani nimenuna. Mjukuu wangu akaniuliza, "Kambo, uko na nini?" Nikamwambia sina kitu.

Nilikuwa mtoto wa pekee. Kwetu Kenya, mtaa wa mji wetu na si ile nchi, hilo lilikuwa jambo la kuonewa huruma, maana kila lupango, yaani ua wa nyumba, ulijaa watoto mpaka kuku wakakosa pa kupita, na katika lupango wetu nilikuwa mimi tu, nimekaa kizingitini na magoti yangu mawili. Watu walimpa mama pole. Mimi sikuona pole ya nini. Mama alikuwa wangu peke yangu, na hata jina lake lilikuwa langu. Desturi yetu mnaijua: mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linawekwa kando, anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama yangu alikuwa Mama Astrida barabara nzima, Mama Astrida sokoni, Mama Astrida kanisani. Kila alipoitwa, niliitwa na mimi. Nilitembea nyuma yake najiona mwenye mali.

Ila hakuwa mtu wa kusifu. Thubutu! Mimi nilipenda ukoko wa bukari kuliko bukari yenyewe. Nilimngoja asonge, apakue, halafu nikakwangua chini ya sufuria kwa kijiko mpaka majirani wakalalamika. "Unakula uchafu," alisema akinionyesha kisamvu. "Sombe iko mu sahani, weye unafata makoko." Baba alipokuwa na zamu ya usiku kwenye karakana ya treni, nililala na mama, na usingizi haukuja mpaka niingize mkono wangu kwapani mwake. "Tosha mukono, unanichoma," alisema akiusukuma nje. Nilikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya mbele. "Ule mulango haina ya kufunga," alisema. Nikiamka alfajiri na maswali yangu, aligeukia ukutani: "Weye mutoto, unanitoboa masikio, ata jua haiyatoka." Na kila aliporudi sokoni alinikuta nimesimama mlangoni namsubiri, akanipita na kapu lake kichwani bila neno. Yote hayo niliyameza bila taabu, kwa sababu hapakuwa na mtoto mwingine wa kulinganishwa nami.

Nyuma ya barabara yetu kulikuwa na dembo, bonde la majani lenye ardhi ya unyevu, ambalo halikukauka hata kiangazi kikali. Katikati yake palitoka maji baridi, wakubwa wakapazungushia mawe wakapaita kisima. Wanawake walichuma mboga ya lengalenga pale, walianika nguo juu ya majani, na mvua za kwanza zikinyesha walikwenda kuokota uyoga kwenye vichuguu vikubwa vinavyoizidi nyumba kwa urefu. Njia ya miguu ilikatiza katikati, ikatufikisha sokoni na kwenye zahanati. Hakuna aliyekuwa na hati ya dembo na hakuna aliyeulizwa anakwenda wapi akipita pale.

Hiyo ndiyo miaka Katanga ilipojitenga ikajiita nchi, mji wetu ukiwa bado unaitwa Elisabethville. Shuleni tulifundishwa bendera mpya yenye misalaba midogo ya rangi ya shaba, nasi tukaichora mchangani kwa vijiti. Wakubwa hawakuwa na hamu ya kuchora. Robine, bomba la maji la barabara yetu, ilikuwa inakohoa hewa tu; risasi zikisikika upande wa mjini, maji yanakatika na unga unapotea sokoni. Ni dembo lililotunywesha na kutulisha siku hizo, na kila mtu alilijua hilo.

Kumbe na mwingine alikuwa analitazama. Asubuhi moja alikuja mzungu mmoja mwenye malori, na vijana wake wa kupima. Alitaka pa kuyalaza malori yake, na mkubwa fulani mjini alikuwa amemruhusu. Wakapigilia vijiti, wakasema nguzo zitakuja na senyenge itazungushwa, kisima ndani na njia ndani.

Basi ikaundwa Komite ya Dembo, na ikaundwa kwetu, katika lupango wetu, kwa sababu sisi tulikuwa na nafasi. Mwenyekiti alikuwa Baba Salumu, fundi wa cherehani ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, mtu wa kofia nyeupe na utepe wa kupimia shingoni. Hakuuvua hata akienda msikitini. Kulikuwa na Mama Vero, mwuzaji wa kinywaji cha mahindi tunachokiita munkoyo, rafiki wa mama. Yeye asili yake ilikuwa Kasai, na wakati ule watu wa Kasai walikuwa na sababu zao za kuwaogopa majandarme, askari wa Katanga, lakini alikuja, tena na mtungi wake wa munkoyo kichwani ili watu wasikae na koo kavu. Na kulikuwa na mama yangu, aliyekuwa na sauti.

"Bakifunga njia, mama ya mimba atapita wapi kuenda ku dispansere?" alisema. "Na maji? Tutakunywa bendera? Dembo haina ya muntu moja. Ni ya shiye bote!"

"Mama Astrida," Baba Salumu alimwambia, "sauti yako inafika mpaka ku Kampemba. Punguza kidogo." Watu wakacheka, mama naye akacheka, na mimi kule kizingitini sikucheka. Mama hakuwa akicheka hivyo na mimi.

Ndipo wivu wangu ulipoanza, na ulianza na majani. Nililionea wivu bonde! Mama alirudi kutoka kule na matope miguuni na uso umechangamka, akasahau hata kunigombeza. Akisonga bukari anazungumzia dembo, akilala anageuka-geuka kwa ajili ya dembo. Siku moja nilitapika makusudi, nikala udongo ili nitapike, akanifuta mdomo huku akimwuliza Mama Vero kuhusu nguzo. Nikatamani ule uzio wa senyenge uje haraka, ufunge kila kitu, mama arudi nyumbani.

Kisha majandarme wakavamia mkutano. Aliyewaongoza alikuwa ajida mmoja mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala. "Mikutano banakataza!" alipiga kelele. "Bantu kukusanyika, banakataza! Kila muntu kwake!" Mtungi wa Mama Vero ukapigwa teke, munkoyo ukamwagika mpaka kwenye miguu yangu. Watu wakatawanyika. Lakini katika barabara iliyofuata kulikuwa na kilio, mzee mmoja alikuwa amefariki, na pale watu walikuwa wengi kutupita sisi mara nyingi, wamejaa kwenye mikeka, moto wa magogo unawaka, wanawake wanalia. Majandarme walipofika pale walipunguza mwendo. Yule ajida akavua bereti yake, akaishika kifuani, na wenzake wakafanya vilevile mpaka walipomaliza kupita.

Baba Salumu alisimama kwenye ua wetu akiangalia. "Munaona?" alisema.

"Tunaona," mama akajibu. Mimi nami niliangalia, lakini nilichokiona ni bereti tu.

Asubuhi iliyofuata mama alifumua nywele zake. Akavua viatu, akafunga kikwembe cheusi kiunoni, akapaka majivu kidogo usoni. Akaniita. "Astrida, sikia muzuri. Usikanyage ku dembo. Nikikuona kule nitakupiga mbele ya bantu. Unasikia?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya ile nimesema."

Akaniwekea mkono kichwani, ukakaa hapo kitambo, mzito. Mimi nilidhani ananisukuma ndani. Hakuwa amewahi kunikataza kumfuata mahali popote, hata kanisani nikiwa na kikohozi. Akaondoka, na haukupita muda kilio kikaanza kusikika kutoka upande wa dembo, na sauti iliyokuwa juu ya sauti zote ilikuwa ya mama yangu.

Wanawake wakaanza kupita mbele ya mlango wetu, vikwembe vimefungwa kiunoni. "Tunaenda kulia na Mama Feza," walisemezana. "Masikini Mama Feza, mutoto muzuri vile!" Nilimfahamu kila mama wa barabara yetu, na Mama Feza sikumjua. Mama Vero alipopita nilimshika nguo.

"Mama Feza ni nani?"

Mama Vero aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia chini. "Ni mama yako," akasema, akaondoka mbio.

Jamani! Nyinyi mmepigwa, mmeibiwa, mmeachwa na wanaume. Mimi nilinyang'anywa jina la mama yangu mchana kweupe na watu wazima. Nilikaa chini nikaipiga hesabu kwa desturi niliyofundishwa, na jibu lilikuwa moja tu. Mama anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Sasa anaitwa Mama Feza. Basi Feza alizaliwa kabla yangu. Mama alikuwa wake kwanza, mimi nilipewa baadaye, nikadanganywa miaka yote kwamba ni wangu.

Nilipekua nyumba. Nilitafuta gauni lake, kijiko chake, kiatu chochote ambacho si changu. Sikupata kitu, na kwa kutopata nikaelewa zaidi, au ndivyo nilivyojiona, mjanja mno: kama hakukaa kwetu, alikaa kule. Ndiyo maana mama alikwenda kuchota maji dembo hata siku ambazo robine ilitoa. Ndiyo maana alikuwa radhi kugombana na majandarme kwa ajili ya majani. Alikuwa amemficha mtoto wake kule, anamtembelea na ndoo mkononi.

Baba alipotoka kazini nikamwuliza, "Baba, Feza ni nani?"

Tonge likasimama mkononi mwake. "Nani alikuambia ile jina?"

"Bantu bote."

Akanywa maji, kikombe kizima. "Usiitamke mu nyumba yangu," akasema. Kumbe hata baba alijua. Ni mimi peke yangu niliyefichwa.

Siku iliyofuata nilivunja amri. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikapita kwenye majani marefu kwa tumbo, nikajibanza nyuma ya kichuguu kilichokuwa karibu na kisima. Wanawake walijaa kwenye mikeka mahali palepale vijiti vya mzungu vilipopigiliwa. Moto wa magogo uliwaka katikati ya njia. Wanaume wamekaa kando, mikono mashavuni, Baba Salumu mbele yao. Na mama yangu alikuwa katikati, nywele timtim, majivu mpaka shingoni, anajitupa huku na huku mpaka Mama Vero anamshika. Alilia hivi, sijasahau neno hata moja:

"Yooo, Feza yangu! Feza wa mwanya, mutoto wa kuchekaka na meno yote inje! Nani atanikwangulia makoko? Sufuria yangu itabakia chafu, yooo! Nani atatia mukono mu kwapa yangu? Kwapa yangu iko baridi leo! Nani ataniamusha na maulizo mbele ya jua? Nilisemaka unanitoboa masikio, kumbe ulikuwa unanifungua kichwa! Nani atasimama ku mulango nikitoka ku soko? Nilikuwa nakuona toka ku kona, mama yangu weye, nakuona toka mbali, na mizigo yote inakuwa mwepesi!"

"Pole, Mama Feza, pole!" wanawake wakaitikia.

Nyuma ya kichuguu niling'oa majani kwa hasira. Kwanza ukoko! Kwa hiyo siku zote nilikuwa nakwangua masalio ya mtu? Halafu kwapa, kwapa la mama, mahali ambapo nilidhani hakuna mkono mwingine uliowahi kufika. Na mwanya! Mungu nilimkosea nini, amtengenezee mtoto mwingine mwanya wangu uleule, halafu wake usifiwe na wangu usimangwe? Na mlangoni, alisimama mlango gani huyo, na mimi nilikuwa wapi? Kila kitu nilichokuwa nacho alikuwa nacho, tena kwake kilikuwa kizuri. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na ilinikera zaidi kwamba amekufa, maana nisingeweza kumpiga.

Lori likanguruma. Lilikuja mpaka kwenye ukingo wa dembo, limejaa nguzo na mabunda ya senyenge, vibarua wamekaa juu, na nyuma yake gari la majandarme. Yule ajida mrefu akashuka. Safari hii hakuvua bereti.

"Nani alikufa hapa?"

Baba Salumu akainuka. "Mutoto, Chef. Mutoto ya huyu mama."

"Kaburi iko wapi?"

"Tulimuzika jana, Chef. Mutoto mudogo banazika mbio."

"Na kilio iko ku dembo, haiko ku lupango. Juu ya nini?"

"Ni hapa roho ilimutoka," Mama Vero akasema. "Alikuya kuchota maji, akaanguka. Kilio inakaa fasi muntu alikufia, Chef. Hata kwenu ni vile."

Ajida akacheka, kicheko kifupi. "Juzi nilifukuza komite. Leo komite inalia. Miye siko mutoto mudogo." Akageuka kwa vibarua. "Mushushe manguzo. Na weye, fundi, utapanda mu gari yangu. Utanionyesha ile kaburi."

Mama alinyamaza. Niliona uso wa Baba Salumu, niliona anashika utepe wake kwa mikono miwili, na hapo hata mimi nilijua kuna kitu kibaya kinakuja, ingawa sikujua ni kipi. Nguzo ya kwanza ikaanguka chini, ikalaza majani.

Sikutoka kwa ajili ya dembo, wala kwa ajili ya Baba Salumu. Nilitoka kwa sababu mama alikuwa amenyamaza na nilitaka anijibu. Nilitoka nyuma ya kichuguu, nikapita katikati ya mikeka, nikasimama mbele yake. Aliponiona alishika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Sijawahi kuona mtu ameogopa vile.

"Weye ni nani?" ajida akauliza.

"Astrida. Miye ni mutoto yake."

"Eheee." Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. "Basi uniambie weye, mutoto hasemake uongo. Feza ni nani?"

Nami nikapasuka.

"Ni mutoto anapenda! Ni Feza tu anapenda! Anamulilia makoko, na makoko ni yangu! Anamulilia kwapa, kwapa ni yangu! Miye niko na mwanya, hanisifu, Feza anamusifu! Alikufa na angali anamupenda kupita miye! Bamemuita mama jina yake, miye bamenificha! Acha akufe! Vizuri alikufa!"

Wanawake walipiga yowe, la kweli. Neno lile halisemwi kwenye kilio. Nilijitupa chini nikalia na kupiga majani kwa ngumi, makamasi na majivu vikachanganyika, nikatamka jina la yule mtoto na matusi yote niliyoyajua, ambayo yalikuwa machache.

Ajida alikaa vilevile amechuchumaa. Kisha akavua bereti.

"Mudogo," akaniambia polepole, "usimuonee mufu wivu. Yeye hatakula makoko tena." Akainuka, akawaambia vibarua, "Murudishe manguzo mu kamyo." Dereva wa mzungu akaanza kubisha, kuna ruhusa, kuna amri ya mkubwa. "Ukuye kuchimba weye mwenyewe!" ajida akamfokea. "Miye sichimbe shimo mu kilio ya mutoto. Baachwe mpaka bamalize." Akamtazama mama, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Mama alinitambalia pale chini. Aliniziba mdomo kwanza, kwa nguvu, kiganja kizima. Halafu akanibana kifuani mpaka mbavu ziliuma, na alikuwa anatetemeka. Alinuka moshi. Sikumkumbatia. Niliiweka mikono yangu chini, kwa sababu nilijua anayetetemekewa si mimi.

Kilio hakikumalizwa haraka. Wanawake walikikalia kwa zamu, wakipika na kusuka nywele pale, wakilia kidogo gari likipita, na wakati wao wanalia vita vilisogea, mambo ya mjini yakabadilika, na yule mzungu akakusanya malori yake akaondoka. Senyenge haikuzungushwa. Moto ukaondolewa kwa heshima zote, majivu yakatupwa, njia ikabaki wazi na kisima kikabaki cha wote.

Asubuhi moja baada ya hapo mama alinichukua tukaenda kisimani, sisi wawili. Alikuwa na bakuli na majani aliyoyatwanga. "Vua nguo," akasema.

"Ni maji ya Feza?"

"Astrida, Feza hakuna."

"Nilimusikia."

"Ulisikia nini?"

Nikamrudishia kilio chote, neno kwa neno, mwanya, ukoko, kwapa, maulizo, mlango, mizigo. Nilikuwa nimekishika kichwani, maana tusi la mtu halisahauliki. Mama alisimama na bakuli mkononi, maji yanadondoka.

"Ku nyumba yetu," akauliza, "nani anakulaka makoko?"

"Miye."

"Nani iko na mwanya?"

"Miye."

"Nani anatiaka mukono mu kwapa yangu?"

Maji ya kisima yalikuwa baridi na nilikuwa uchi, na nilisikia joto likinipanda kutoka miguuni.

"Kulia uongo sijue," mama akasema. "Mikutano bamekataza, ikabakia kilio tu, na kilio inataka mutoto. Babengine biko na batoto mingi, bote bakaogopa. Miye nikakubali. Lakini nikifungua kinywa, hakuna kitu. Basi nikakuangalia weye. Nikaona sufuria bila weye, nikaona mulango bila weye, machozi ikakuya yenyewe. Jina yako sikuitamka, kifo isiisikie. Njo ile nilikukataza kukuya. Muntu muzima hasikiake kilio yake. Na weye ukakuya, ukasema acha akufe." Akachovya majani, akaanza kunisugua mgongoni kwa nguvu zote, anaondoa kifo alichokiita kwa kilio kile. "Sasa nakuosha. Nyamaza."

Mtoto mwingine angelia, au angemkumbatia mama yake. Mimi nilipata njaa. Njaa ya maneno.

"Basi sema tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Ile ya mwanya. Na ile ya mizigo inakuwa mwepesi."

"Weye uko muzima. Banalilia muzima?"

"Usilie. Useme tu."

Akacheka, machozi yakiwa bado usoni. "Mutoto wa maulizo! Fumba macho." Akanimwagia bakuli zima kichwani.

Jioni ile nilikwangua sufuria. "Unakula uchafu," akasema. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliniona nikiolewa, akawabeba watoto wangu, na nilimsubiri. Kila aliporudi sokoni nilisimama mlangoni, hata nilipokuwa mwanamke mwenye mimba, nikitazama kona, nikitazama uso wake. Alinipita na kapu lake. Alikufa mwaka jana na hakuyasema tena. Aliyasema mara moja tu maishani, na alimwambia Feza.

Na huyo Feza hakuridhika! Watu ambao hawakujua siri waliendelea kusema "kule kwa Feza", na jina likaganda. Dembo limemegwa pembeni, nyumba zimeingia, lakini kisima kipo, majani yapo, na njia inapitika. Vijana wa sasa wana komite yao na wamesimika kibao chenye jina lake. Wamepanda na maua. Mimi niliyejitupa chini pale sina hata jiwe.

Kesho yake baada ya harufu ile ya ukoko, sikuweza kutulia. Nilisimamisha taksi-moto. "Ku dembo," nikamwambia kijana. Akaniuliza dembo gani. Nikajifanya sisikii, akarudia, ikabidi nimeze mate nitamke mwenyewe: "Kwa Feza." Akawasha pikipiki. Tulipofika akanisaidia kushuka, akanishika mkono kwa adabu, akatazama kibao.

"Mama, na huyu Feza alikuwaka nani?"

Nilitazama kisima, na mawe, na wasichana waliokuwa wanachota.

"Alikuwa mutoto ya Mama Astrida," nikamwambia.